Alama Zinazouzwa na Injili Inayohubiriwa



Kila mwaka, mtihani wa Serikali unapokaribia, swali lile lile hurudi katika mikutano ya walei: kwa nini wanafunzi wa sekondari, waliobatizwa na kupewa Kipaimara, hupotea Kanisani mara tu wapatapo diploma? Majibu nayo hayabadiliki. Wengine hulaumu simu. Wengine hulaumu makanisa ya uamsho, yenye vipaza sauti vikubwa na wachungaji wanaoahidi visa na ndoa. Wengine husema nyimbo zetu zimezeeka. Sisi majibu hayo hayatutoshi. Kijana anayeona alama zikiuzwa katika shule yenye msalaba juu ya mlango hahitaji mchungaji wa uamsho aje kumwondolea imani. Imekwisha kuondolewa, tena kwa bei inayojulikana.

Mambo haya mnayajua kuliko sisi. Saa ya dini, mwalimu anaandika amri za Mungu ubaoni na wanafunzi wananakili. Amri ya saba imo, ya nane imo. Saa inayofuata, mwakilishi wa darasa anapita kati ya madawati akikusanya kile kinachoitwa kwa adabu «mchango», ili alama za somo fulani zipande. Mtihani wa Serikali ukifika, mchango unakua, na safari hii wazazi wenyewe ndio huuleta, wengine wakiwa na rozari shingoni. Hatusemi kwamba shule zote ni hivyo. Zipo zinazokataa, na walimu wake si vigumu kuwatambua: ndio wale ambao viatu vyao vimekwisha.

Someni sura ya 8 ya Matendo ya Mitume, yote, kwa kikao kimoja. Humo mna watu wawili ambao katekisimo yetu huwatenga, ilhali Luka aliwaweka pamoja. Wa kwanza ni Simoni mchawi, aliyewaletea Mitume fedha ili auziwe uwezo wa kumpa mtu Roho Mtakatifu. Petro alimkemea kwa ukali, na Kanisa likaiita dhambi hiyo kwa jina lake: usimoni. Mtatujibu kwamba diploma si sakramenti. Ni kweli. Lakini shule iliyojiita Katoliki imeweka jina la Kanisa juu ya kila hati inayotoa, na anayeiuza hati hiyo analiuza jina pamoja nayo.

Wa pili ni Filipo. Alipomkuta Mwethiopia akisoma kitabu cha nabii Isaya garini, alianza kwa kumwuliza kama anaelewa anachokisoma. Kisha akapanda, akaketi kando yake, na mafundisho yakaanzia kwenye swali la msomaji mwenyewe. Ni saa ngapi za dini katika sekondari zetu zinaanza hivyo? Mwanafunzi wa Beni, ambako mauaji ya raia yamerudi mara kwa mara tangu mwaka 2014, ana haki ya kuuliza Mungu alikuwa wapi usiku ule. Akiambiwa «andika, litatoka katika mtihani», atajifunza kwamba dini ni somo kama jiografia, lenye maswali yaliyokwisha kujibiwa na alama zinazoweza kununuliwa kama nyingine.

Tukumbushane pia historia, maana wengi wenu mlikuwa hamjazaliwa. Mwaka 1974 utawala wa Mobutu ulizitaifisha shule za madhehebu, na nafasi ya mafundisho ya dini ikachukuliwa na itikadi ya chama. Tarehe 26 Februari 1977 ukatiwa sahihi Mkataba uliorudishia Makanisa usimamizi wa shule hizo. Maaskofu hawakuzitaka ili tuwe na sare nzuri na foleni zilizonyooka. Walizitaka ili mtoto wa Kongo akutane na Injili mahali anapojifunza kusoma, kuhesabu na kufikiri. Ikiwa anachokutana nacho mahali hapo ni bahasha, tulizidai kwa ajili ya nini?

Iko hoja moja tunayoiheshimu. Mshahara wa mwalimu ni mdogo, huchelewa, na wako wanaofundisha miaka bila kuingizwa katika orodha ya Serikali. Mwalimu ana watoto, nao wanakula. Hilo ni dai la haki, na dai la haki hulia mchana. Lisemwe katika mkutano mkuu wa wazazi, kiasi kitajwe, risiti itolewe, na asiye na uwezo asamehewe mbele ya wote. Kinachokusanywa kwa kunong'ona hakina uhusiano na haki ya mwalimu. Mtoto wa mjane ndiye anayekilipia, kwa sababu alama zake halisi hushushwa chini ya alama za uongo za jirani yake.

Tarehe 2 Februari 2023, katika Uwanja wa Mashahidi mjini Kinshasa, Papa Fransisko alizungumza na vijana na makatekista akihesabu kwa vidole vitano vya mkono. Kidole cha tatu kilikuwa uaminifu, na hapo akamtaja Floribert Bwana Chui wa Goma. Kijana huyo, wa Jumuiya ya Sant'Egidio, alikuwa mkaguzi wa bidhaa mpakani. Alipewa fedha ili aruhusu chakula kilichoharibika kipite, akakataa, akauawa mwezi Julai 2007 akiwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa Mwenye Heri mjini Roma. Leo ni rahisi kutundika picha yake katika ofisi ya mkuu wa shule. Lakini mwanafunzi anayeingia humo na bahasha ataitazama, na atachagua nani kati yao anasema kweli: yule aliye ukutani, au yule aliye kitini.

Kwa hiyo hatuwaombi mwandae tamasha jingine la uinjilishaji shuleni. Tunaomba kila kikundi cha vijana kitume wawakilishi kwa kamati ya wazazi kabla ya mtihani, waulize kwa heshima: fedha hizi ni za nini, nani amezipokea, risiti iko wapi? Wataitwa wakorofi. Waulize tena katika mkutano unaofuata. Na mwanafunzi atakayekataa kutoa, kisha akaanguka, asiachwe peke yake. Kikundi kimchangie ada ya kurudia mwaka, na wale waliofaulu kwa jasho lao waketi naye jioni, hesabu siku moja, Kifaransa siku nyingine, mpaka siku ya mtihani.