Ngoma isiachwe kwa mwalimu mmoja

Mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, una Wanyamwanga, Wanyiha, Wandali na Walambya, na mji wa mpakani wa Tunduma huongeza watu kutoka kila kona ya nchi. Utajiri wa ngoma za watu hao usiishie kwenye mahafali ya shule. Mapigo yanayojirudia yanafundisha kuzidisha na sehemu. Mizunguko ya wachezaji inafundisha jiometri. Ngoma za Wanyamwanga, walioko Tanzania na Zambia, zinafungua somo la historia ya mipaka ya kikoloni. Mwalimu wa sanaa peke yake hawezi kuyabeba yote. Wenzake wa hisabati na historia wapange naye somo katika vikao vya MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini), ambavyo tayari ni sehemu ya kazi yao.

Wapo watakaosema mtihani haupimi ngoma. Lakini mtihani unapima uelewa, na dhana aliyoitenda mtoto kwa mwili humkaa vizuri zaidi. Wanaohofia imani zao nao wasikilizwe: wazazi washirikishwe kuchagua ngoma zinazofaa. Walimu wakuu wa Songwe, anzeni na somo moja la pamoja kila muhula.