Picha ya Tembo Wakiamkiana

Ni nyumba chache za mjini zisizo na picha ya mnyama wa porini ukutani, iwe ya kalenda au iliyokatwa gazetini. Zinazopendwa zaidi ni zile za wanyama wanaoonekana kuamkiana: twiga wawili waliosokotana shingo, pundamilia aliyeweka kidevu mgongoni mwa mwenziwe, tembo waliopeana mikonga. Mzazi humwonyesha mwanawe na kumwambia, "Tazama, wanapendana." Mtoto husadiki. Hapo ndipo neno linapokuwa zito, kwani watoto wengi wa mjini hawana njia nyingine ya kumjua twiga ila picha ile na maelezo ya wazazi wao.

Kumbe twiga hao, aghalabu, ni madume wanaopigana. Silaha zao ni shingo na kichwa, na pigo moja laweza kumwangusha mmoja wao chini. Pundamilia naye huenda anapumzika tu, huku kila mmoja akitazama upande wake. Basi swali la kwanza juu ya picha ya namna hii ni kama ni ya kweli. Uzuri wa rangi za machweo ni jambo la baadaye.

Tuwachukue tembo. Huko Amboseli, Kenya, ambako watafiti wamekuwa wakiwafuatilia mmoja mmoja tangu mwaka 1972, maamkizi yao yanajulikana kinaganaga. Jamaa wa ukoo mmoja waliotengana, wakikutana tena, hukimbiliana vichwa juu na masikio yakipigwapigwa. Hunguruma kwa pamoja, na sehemu ya ngurumo hizo haisikiki kwa sikio la binadamu. Hugonganisha pembe, huzunguka, hurudi kinyumenyume, hata hujisaidia papo hapo kwa msisimko. Majimaji nayo hutiririka kutoka katika tezi iliyo kati ya jicho na sikio. Mara nyingi aliye mdogo kwa cheo hupeleka ncha ya mkonga mdomoni mwa mkubwa wake. Mswahili hawezi kuliona hilo asikumbuke shikamoo na marahaba, ingawa tembo ana desturi zake na hakuahidi kufuata zetu.

Sasa chukulia picha mbili zimewekwa mezani. Ya kwanza ni safi mno: tembo wawili, mlima Kilimanjaro nyuma yao, mikonga imesokotwa kama kamba. Ya pili imejaa vumbi, upeo wa macho umeinama kidogo, na tembo mmoja amekatwa na ukingo wa picha. Wengi wangeichagua ya kwanza bila kusita. Lakini itazame vema. Vipaji vya nyuso ni vya mviringo na pembe ni nene. Hao ni madume, na yamkini wanapimana nguvu. Katika ya pili mashavu yamelowa, masikio yametanda, midomo i wazi, na ndama amejipenyeza katikati ya miguu ya wakubwa. Dalili moja peke yake haitoshi, maana dume aliye katika majira ya kutafuta jike naye hutiririsha majimaji hayo. Zikiungana zote, hapana shaka tena. Mimi ningeichagua ya pili.

Hata hivyo vumbi lisiwe kisingizio cha uvivu. Jicho la mnyama mmoja walau lionekane dhahiri, na mahali mikonga inapokutana pasifichike. Picha ya maamkizi iliyoikata ncha ya mkonga ni sawa na picha ya watu wanaopeana mikono ambayo mikono haimo.

Udanganyifu nao upo, hata kwa mabingwa. Mashindano makubwa ya picha za wanyamapori yanayoendeshwa na makumbusho ya London yalimnyang'anya ushindi mshindi wa mwaka 2009, baada ya waamuzi kuamini kuwa mbwa-mwitu wake aliyeruka lango alikuwa mnyama wa kufugwa. Mwaka 2018 picha nyingine iliondolewa, kwa kuwa mla mchwa aliyemo alielekea kuwa ngozi iliyojazwa. Na siku hizi kompyuta yaweza kubuni tembo ambaye hajapata kuzaliwa.

Angalia pia tembo wanatazama wapi. Wanaoamkiana wameshughulikiana wao kwa wao. Ikiwa vichwa na masikio yote yameelekea kwenye kamera, maamkizi yamekwisha katizwa. Huenda dereva, kwa kutaka kumridhisha mgeni, ameacha njia na kuliingiza gari kati ya ndama na mama yake. Picha hiyo, hata iwe safi kama kioo, nisingeitundika ukutani kwangu.