Anayewanywesha Wengine Naye Anywe

Tukirudi seminarini kutoka likizo, sisi mafrateri huulizana: "Umefanya nini parokiani?" Anayetaja vigango vingi, semina ya vijana, mazoezi ya kwaya na michango ya ujenzi ndiye tunayempongeza. Hakuna anayeuliza kama alisali Masifu ya Jioni, au kama alilala vya kutosha. Siku ikijaa, sala ndiyo tunayoipunguza kwanza, maana haipigi simu kujidai. Tabia hiyo tunajifunza kabla ya upadrisho, na tutaingia nayo parokiani.

Si jambo jipya. Karne ya 12 Mtakatifu Bernardo, Abate wa Clairvaux, alimwandikia Papa Eugenio III, aliyekuwa mmonaki wake kabla ya kuchaguliwa mwaka 1145. Papa alizongwa na kesi na malalamiko ya watu. Bernardo hakumsifu kwa bidii hiyo. Alimwonya kwamba shughuli zisizokoma huufanya moyo kuwa mgumu, akamuuliza kwa nini wote wanywe kwake kama kisima cha kijiji huku mwenyewe akibaki na kiu. Wala hakumwambia arudi monasterini. Alimtaka ajitengee muda.

Nanyi ndugu waamini, tunawaomba. Paroko akisema Jumatatu anapumzika, msimwite mvivu. Mgonjwa mahututi ni jambo jingine. Hapo gongeni mlango hata usiku wa manane. Lakini cheti cha ubatizo na risiti ya mchango vinaweza kungoja Jumanne.