Mpeni msomaji mistari mitatu

Vitabu vinapopata nafasi katika magazeti yetu, huzungumziwa kwa lugha mbili tu. Ya kwanza ni ya hafla: kitabu kimezinduliwa, mgeni rasmi amenena, mwandishi amepongezwa. Ya pili ni ya darasani: dhamira, wahusika, fani na maudhui. Anayekosekana ni msomaji sugu, asiye mwalimu wala mgeni rasmi, wa kutuambia kwa mistari mitatu kwamba hiki kilimfanya akeshe, kile kilimshinda katikati, na kingine alikimaliza kwa kumstahi mwandishi tu. Maoni ya namna hiyo huitwa porojo za barazani. Kwa maoni yangu ndiyo tunayoyahitaji zaidi, tena kwa sababu ileile inayoyafanya yadharauliwe: ni ya mtu binafsi.

Chukua Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1951. Mwongozo wa mtihani utakwambia kwamba ni istiari ya utawala dhalimu, na hautakuwa umekosea. Msomaji mkweli ataongeza jambo ambalo mwongozo hauthubutu kuligusa. Karama, akiwa mshtakiwa, anasimulia habari za wajumbe sita; kila mmoja anatumwa, anataabika, anarudi na mambo ya kuifaa nchi, kisha anatiwa kifungoni. Ukifika kwa mjumbe wa nne umekwishajua yatakayompata, na mkono unaanza kuruka kurasa. Hayo ni malalamiko, lakini yamebeba swali zito: kwa nini fundi wa lugha kama Shaaban alikubali kujirudia kiasi hicho? Huenda alitaka tuuonje uchovu wa raia ambao kila fikra mpya kwao huishia gerezani. Huenda pia hadithi ilimwelemea tu, na mimi naegemea zaidi upande huu, kwani mahubiri yake katika Siku ya Watenzi Wote yanachosha vilevile pasipo kisingizio hicho. Vyovyote iwavyo, mjadala umezaliwa na mwayo wa msomaji. Aliyekaririshwa neno “udhalimu” kuwa ndilo jibu sahihi hana njia ya kuufikia.

Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1971, nayo huandikiwa “malezi mabaya” na mambo yakaishia hapo. Wasomaji hawaishii hapo. Wapo wanaomkasirikia Zakaria, baba mlevi anayemshushia bintiye kipigo kwa ajili ya barua ya mvulana. Wengine hasira zao ni kwa mwandishi mwenyewe, aliyemsukuma Rosa hadi kujiua kana kwamba hapakuwa na njia nyingine. Hasira hizo mbili ni namna mbili za kukisoma kitabu kimoja, na ya pili, inayomhoji mwandishi badala ya mhusika, ni uhakiki kamili hata kama msemaji hajui istilahi hata moja.

Watasema wasomi kwamba ladha haina hoja: anachokipenda huyu, yule hakitaki, basi maoni yake yatamfaa nani? Pingamizi hili lingekuwa na nguvu kama tungepewa oni moja peke yake. Lakini msomaji sugu husema juu ya vitabu vingi, na vya kila aina. Akikwambia kwamba Kufa na Kupona ya Elvis Musiba ilimnyima usingizi, kwamba katika Mzimu wa Watu wa Kale alivutwa na maongezi ya Bwana Msa kuliko fumbo lenyewe, na kwamba Kuli ya Adam Shafi ilimgusa pale ilipokuwa bandarini na kumpoteza ilipogeuka hotuba, umekwishampima. Huyu anataka watu na matukio, hotuba hazimwingii. Kuanzia hapo hata lawama zake ni dira: wewe unayependa riwaya yenye siasa ndani utakinunua kitabu alichokiponda. Profesa anayejificha nyuma ya “tunaona kwamba” hakupi kipimo hicho, kwa sababu hakuonyeshi amesimama wapi.

Pingamizi la pili ni la huruma, nami nalipa uzito zaidi. Soko la vitabu vya Kiswahili nje ya shule ni dogo, mwandishi wetu hupata kidogo, na kumponda hadharani ni kumkatisha tamaa. Ni kweli ukali wa kujionyesha upo, na mhariri ana kalamu ya kuukata. Lakini sifa za uongo nazo zina gharama: anayenunua kwa kuamini jalada la nyuma, akakuta maji matupu, harudi dukani, na anayeumia ni mwandishi mwingine kabisa, aliyeandika vizuri. Tena kimya kinaua kuliko lawama. Riwaya nyingi huzinduliwa kwa keki na picha, kisha hazisemwi tena mpaka zikiteuliwa kuwa vitabu vya mitihani.

Kwa hiyo mhariri akate robo ukurasa tu kila wiki na kuwapa wasomaji hao, kwa sharti moja: kila asemaye aonyeshe mahali kitabuni. Aliyeimaliza Vuta N'kuvute pasipo kupumua, kisha Nagona ya Kezilahabi ikamtoa jasho mpaka akaiweka chini, aseme hivyo na autaje ukurasa alipoishia. Wiki inayofuata mwingine atamjibu kwamba hapo ndipo kitabu kinapoanza, na Kezilahabi atakuwa amepata watu wawili wanaogombana juu yake pasipo msimamizi wa mtihani.