Mashine ya picha bila msomaji ni pambo

Wahenga walinena kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Mwalimu mwenzangu, niliyefundisha naye Makueni kabla hajahamia Kitui, aliyathibitisha maneno hayo. Mara kwa mara moyo ulimwenda mbio darasani, jasho likamtiririka na kichwa kikamgonga. Majirani walisema amerogwa. Zahanati ilimpa dawa za shinikizo la damu, zisimfae. Ilipita miaka kabla hajapigwa picha Nairobi, ukaonekana uvimbe juu ya figo, katika tezi ya adrenali.

Sisi walimu wa biolojia hufundisha kwamba adrenalini huutayarisha mwili kupigana au kukimbia. Je, twawaeleza wanafunzi kwamba tezi hiyo yaweza kuota uvimbe unaomwaga homoni hizo ovyo? Uvimbe huo huitwa feokromositoma. Ni nadra, lakini mara nyingi hupona kwa upasuaji.

Mwaka wa 2015 serikali ilitia saini mikataba ya kukodi vifaa vya hospitali 98 nchini, zikiwemo mbili katika kila kaunti. Nilifurahi. Hata hivyo, nyumba njema si mlango. Mashine ya CT hutoa namba: maji ni 0, mafuta ni chini yake. Uvimbe wa adrenali usiozidi 10, kabla ya mgonjwa kutiwa dawa ya kung'arisha picha, kwa kawaida si saratani. Unaozidi sentimita 4 hutiliwa shaka. Tena picha peke yake haitoshi. Sharti damu au mkojo upimwe. Feokromositoma ikidungwa sindano kabla ya kipimo hicho, shinikizo la damu laweza kupanda ghafla na kumuua mgonjwa.

Wapo watakaouliza, ya nini kuhangaikia maradhi nadra penye malaria? Nawajibu kwamba jicho linalotambua uvimbe huo ndilo litakalotambua damu iliyovuja kichwani mwa majeruhi wa barabara kuu ya Mombasa.

Kwa hivyo, kaunti zetu zahitaji wasomaji wa picha na maabara kamili kuliko sherehe za kuzindua mashine. Wasomaji hao wamo madarasani mwetu. Allan Cormack wa Afrika Kusini, aliyeshiriki Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka wa 1979 kwa hesabu zilizosaidia kuzaa CT, alikuwa mwanafizikia, si daktari. Mwanafunzi wa Mwingi au Wote apendaye fizikia asivunjwe moyo. Huenda mwalimu wake ndiye atakayekuwa mgonjwa wake.