Mananasi ya Kiwangwa na haki ya mwenye njaa

BARABARA itokayo Bagamoyo kwenda Msata hupita Kiwangwa, ambako msimu wa mananasi ukifika matunda hupangwa mafungu kando ya lami. Yakizidi wanunuzi, bei huporomoka na mengine huozea shambani. Nchini humohumo, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulibaini kuwa asilimia 30 ya watoto wenye umri chini ya miaka mitano wamedumaa. Nanasi peke yake haliondoi udumavu, lakini chakula kinachooza jirani na mwenye kukikosa ni suala la sheria, si la huruma tu.

Ndivyo Torati ya Wayahudi inavyolitazama. Mambo ya Walawi, sura ya 19, humkataza mkulima kuvuna hadi pembezoni mwa shamba au kurudia masazo. Hayo ni ya maskini na mgeni. Mishna, mkusanyo wa sheria za marabi, ikaweka kiwango: sehemu inayoachwa isipungue moja ya sitini. Uzito wa amri hiyo ni kwamba mwenye shamba hagawi, anaacha. Maskini huja kuchukua kilicho chake bila kumpigia mtu magoti.

Desturi ya kila siku hukazia jambo hilo. Myahudi mshika dini husoma baraka ndefu baada ya mlo, kwa msingi wa Kumbukumbu la Torati 8:10. Anayekumbushwa ni aliyeshiba, na ni busara, maana mwenye njaa hahitaji kukumbushwa. Katika mapokeo hayo lilizaliwa shirika la MAZON nchini Marekani mwaka 1985, likiwaomba Wayahudi watoe asilimia tatu ya gharama za sherehe zao. Leo huishinikiza pia serikali kuhusu sera za chakula.

Karibu zaidi, Wayahudi wa Mbale, Uganda, jamii iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919, waliungana na Waislamu na Wakristo mwaka 2004 katika ushirika wa kahawa wa Mirembe Kawomera, ili kupata bei yenye kulisha kaya.

Pwani nako msingi upo: Kurani, sura ya 6 aya ya 141, huamuru haki ya mavuno itolewe siku ya kuvuna. Kinachokosekana ni wa kuidai. Mkataba wa lishe uliotiwa saini na wakuu wa mikoa mwaka 2022 unazibana halmashauri kutenga fedha za lishe ya watoto, na mahali pa kuuliza zimetumikaje ni baraza la madiwani.