Dar es Salaam Ng'ambo ya Mnazi Mmoja

Dar es Salaam inayoonyeshwa kwa mgeni ni ndogo. Huanzia Mnara wa Askari, sanamu ya shaba iliyozinduliwa mwaka 1927 kuwakumbuka Waafrika waliopigana na kubeba mizigo katika Vita Kuu ya Kwanza, hupitia Makumbusho ya Taifa na Kanisa la Azania Front, hugusa soko la samaki la Feri, kisha humalizikia kwenye vibanda vya vinyago vya Mwenge. Mwenye gari huimaliza kwa nusu siku. Jioni mgeni huyo yumo ndani ya boti ya Zanzibar, au yuko uwanja wa ndege akisubiri safari ya kwenda mbugani. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa huu, na walio wengi wanaishi, wanafanya kazi na wanastarehe mahali ambapo ziara hiyo haifiki.

Swali linalojadiliwa kila utalii wa mijini unapotajwa ni kama sehemu hizo nyingine nazo zitangazwe. Wapo wanaoona fursa ya kipato kwa vijana wa mitaani. Wapo wanaohofia kwamba maisha ya watu yatageuzwa maonyesho. Hoja zote mbili zina uzito, lakini haziwezi kupimwa kabla ya kujua kwa nini sehemu hizo zilisahaulika na ndani yake mna nini.

Kusahaulika huko kulipangwa. Seyyid Majid bin Said, Sultani wa Zanzibar, alianza kuujenga mji kando ya kijiji cha Mzizima katika miaka ya 1860, akafariki mwaka 1870 kabla haujakomaa. Wajerumani waliufanya makao makuu ya koloni lao mwaka 1891. Kanuni zao za ujenzi, ambazo Waingereza walizirithi, zilitenga maeneo kwa aina ya nyumba iliyoruhusiwa kujengwa, na kwa kutenga nyumba zikatenga watu: Uzunguni upande wa bahari na upepo, Uhindini katikati penye maduka, Uswahilini nyuma yake. Mnazi Mmoja, uwanja ambao leo watu hukatisha kwa miguu wakielekea kazini, uliachwa wazi kwa makusudi ili uwe ukanda mtupu kati ya Uhindini na Kariakoo. Sababu iliyotolewa ilikuwa afya ya umma. Karibu miaka 100 baadaye, ziara nyingi za mji bado hugeuzia gari pale pale. Mpaka ule haulindwi na sheria yoyote sasa, ila mazoea yameushika.

Ng'ambo yake ndiko Kariakoo iliko. Jina lenyewe ni kumbukumbu ya msiba: limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi waliochukuliwa na jeshi la Uingereza katika vita ya 1914 hadi 1918, ambao waliuawa zaidi na maradhi na njaa kuliko risasi. Mnara wa Askari unapigwa picha kila siku. Jina la mtaa mzima linalowataja wapagazi wale halielezwi kwa kibao hata kimoja ambacho mpita njia angekitarajia. Hata majina ya mitaa yake, Kongo, Nyamwezi, Swahili, Pemba, Mafia, Sikukuu, yangetosha kwa somo la asubuhi nzima kuhusu watu walioujenga mji huu na kule walikotoka.

Katikati ya Kariakoo pana jengo ambalo lingekuwa mahali pengine lingeandikwa kwenye kila kitabu cha usanifu. Soko kuu lilibuniwa na Beda Amuli, mmoja wa wasanifu majengo Waafrika wa mwanzo Afrika Mashariki, na likafunguliwa mwaka 1975. Paa lake ni miavuli mikubwa ya zege iliyofunguka kuelekea juu. Umbo hilo lina kazi mbili: hutoa kivuli bila kuzuia upepo, na hukusanya maji ya mvua na kuyashusha kupitia nguzo. Soko lilipoungua Julai 2021, habari zilihusu mali za wafanyabiashara, na ilikuwa haki yao. Ila ni wachache waliokumbushwa siku ile kwamba kilichoshika moto kilikuwa pia kazi bora ya sanaa ya ujenzi ya taifa hili.

Umbali mfupi kutoka hapo yako makao ya klabu mbili zinazoigawa nchi kila zinapokutana: Yanga, iliyoanzishwa mwaka 1935, kwenye kona ya mitaa ya Twiga na Jangwani, na Simba, iliyoanzishwa mwaka 1936, Mtaa wa Msimbazi. Siyo majengo ya kifahari. Lakini historia ya vyama vya Waafrika mjini, vya mpira, vya ngoma, vya muziki wa dansi na hatimaye vya siasa, imepita katika mitaa hii hii. Mtaa wa Lumumba, ambako chama cha TANU kiliundwa tarehe 7 Julai 1954, uko jirani kiasi kwamba mtu anaweza kutembea kutoka kwenye siasa hadi kwenye mpira kabla jasho halijakauka.

Kitu kinachostahili kutazamwa kwa karibu zaidi, hata hivyo, ni nyumba ya kawaida ya Kiswahili. Imebaki Kariakoo kwa uchache, na kwa wingi zaidi Ilala na Magomeni. Mlango mkuu uko katikati ya ukuta wa mbele. Ndani yake ukumbi mrefu umepita katikati ya nyumba, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto, hadi uani, ambako kuna jiko, choo, bafu na kamba za kuanikia nguo. Chumba ni cha familia au mpangaji. Ukumbi na ua ni vya wote. Mpangilio huo uliwafundisha kuishi pamoja watu waliotoka makabila tofauti na kukutana mjini bila kujuana, na Kiswahili cha Dar es Salaam kimekomaa kwa sehemu kubwa kwenye kumbi na nyua hizo.

Mbele ya nyumba ipo baraza, benchi la saruji lenye urefu wa ukuta. Jioni muuza kahawa hufika na birika lake lililokalia jiko dogo la mkaa, akigonganisha vikombe vidogo vya kauri kutangaza kwamba amewadia. Kahawa ni chungu, na kashata ya karanga ndiyo inayoisindikiza. Wazee wanacheza bao au drafti iliyochorwa juu ya ubao, kete zikiwa visoda, na mazungumzo yanahama kutoka mechi ya jana hadi bei ya unga hadi habari za Bunge. Mgeni anayeketi hapo kwa adabu, akaamkia waliomzidi umri na kununua kikombe chake, hupata Dar es Salaam ambayo hoteli yoyote haiwezi kumuuzia. Nyumba moja ya aina ya watu wa kawaida huko Magomeni ilikuwa ya Julius Nyerere, aliyeishi humo mwishoni mwa miaka ya 1950 harakati za uhuru zikipamba moto. Imehifadhiwa kama makumbusho, nayo hutembelewa na watu wachache kuliko inavyostahili.

Mahali pengine hapajifichi kwa umbali bali kwa saa. Soko la Feri liko kwenye ratiba ya watalii, ila wanaofika saa nne hukuta sakafu iliyokwisha kumwagiwa maji. Soko lenyewe ni la alfajiri. Ngalawa na mashua zinaingia, mafungu ya changu, jodari na pweza yanamwagwa, na dalali anapaza bei moja baada ya nyingine huku macho yake yakishika kila kidole kinachonyanyuliwa. Mamantilie watatu wanaungana kununua ndoo ya vibua ambayo mmoja peke yake asingeimudu, kisha wanagawana pale pale kwa kuhesabu samaki mmoja mmoja. Saa mbili baadaye samaki hao wako kwenye mafuta, Tandika au Manzese.

Sehemu za kale zaidi ziko pembezoni. Kunduchi, kaskazini ya mji, kuna magofu ya msikiti na makaburi ya mawe yenye nguzo, yaliyotangulia kuwapo kabla ya Dar es Salaam yenyewe. Kwenye nguzo hizo mafundi walipachika bakuli na sahani za kauri ya Kichina, ushahidi kwamba kijiji cha wavuvi cha pwani hii kilikuwa ndani ya biashara ya Bahari ya Hindi. Vyombo vingi havipo tena. Yamebaki matundu ya mviringo, kila moja likionyesha ukubwa wa bakuli lililokuwamo. Hoteli za ufukweni zimejaa jirani, na wageni wake wengi huondoka bila kujua kwamba makaburi hayo yapo. Kusini, upande wa Kigamboni, Mbwamaji nako kuna mabaki ya aina hiyo. Magharibi ziko Pugu na msitu wake, machimbo ya udongo mweupe yaliyogeuka mapango ya popo, na shule ambako Nyerere alifundisha hadi alipojiuzulu mwaka 1955 ili ashughulikie TANU.

Hapa ndipo sheria inapoingia. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo na magofu yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Kunduchi na Mbwamaji zimo. Dar es Salaam, karibu yote, haimo. Boma la Kale, mojawapo ya majengo makongwe kabisa ya mji wa Majid, ni la miaka ya 1866 na 1867. Limepitwa na sheria kwa miaka mitatu tu. Waziri ana mamlaka ya kulitangaza jengo lolote kuwa la kuhifadhiwa bila kujali umri wake, lakini tangazo la namna hiyo huja pale jengo linapojulikana na kuwa na watetezi. Nyumba ya vyumba sita ya Kariakoo haina mtetezi. Thamani ya kiwanja chake imepanda, mwenye nyumba ameletewa bei, na ndani ya mwaka mmoja panasimama ghorofa. Haifai kumlaumu mwenye nyumba. Hajawahi kuambiwa na yeyote kwamba kile anachokivunja kilikuwa na thamani nyingine zaidi ya kiwanja.

Kwa sababu hiyo, wanaosema maeneo haya yaachwe kimya ili yasiharibiwe na wageni wanakosea kuhusu hatari iliyo karibu. Ukimya haujaokoa nyumba za Kariakoo wala bakuli za Kunduchi. Jengo lisilojulikana hubomolewa siku ya Jumatatu na Jumanne hakuna anayeuliza.

Lakini hofu yao kuhusu namna ya kutangaza ni ya kweli, na watetezi wa utalii huipita haraka mno. Ukumbi wa nyumba ya Kiswahili ni njia ya kwenda bafuni ya familia sita. Mama anayekaanga mihogo uani hakukubali kupigwa picha kwa sababu tu mtu amelipia ziara mahali fulani. Kampuni ya katikati ya mji ikileta basi dogo la wageni Magomeni, ikatembea dakika 20 na kuondoka, mtaa umebakiziwa vumbi. Kuhusu usalama, onyo la kwanza analopewa mgeni wa Kariakoo ni kushika mfuko wake, na onyo hilo si la uongo, kwa kuwa vibaka wapo. Ila mtu anayetembea na mwenyeji anayejulikana na wauza maduka haibiwi kirahisi, na hiyo ni sababu ya vitendo kabisa ya kutaka mwongozaji awe wa mtaa.

Utaratibu unaofaa unaanzia kwa wakazi. Mtoto wa Mbagala anamaliza shule ya msingi akiwa ameisoma Kilwa na Olduvai bila kupelekwa Kunduchi, ambako daladala inafika. Shule zikianza kwenda, na vibao vya maelezo vikiwekwa kwa Kiswahili kwanza, watetezi watapatikana kabla ya watalii. Waongozaji wachaguliwe miongoni mwa vijana wa mtaa wenyewe na wafahamike kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, ili malalamiko yawe na pa kupelekwa. Nyumba zinazokaliwa zitazamwe kutoka barazani, isipokuwa pale wenyewe watakapokaribisha, na kwa malipo yanayoingia mkononi mwao. Hakuna lolote kati ya hayo linalohitaji mradi mkubwa wala fedha za kigeni. Tangu mwaka 2016 mabasi ya mwendokasi yanapita Magomeni na kufika Kariakoo, kwa hiyo hata usafiri upo.

Na Bunge liuondoe mwaka 1863 kwenye sheria, liweke umri badala ya tarehe. Tarehe iliyogandishwa huliacha kila jengo jipya nje milele, hata likizeeka. Kwa kipimo cha miaka 100, Boma la Kale na nyumba nyingi za mitaa ya zamani zingelindwa bila kusubiri tangazo la mtu. Kwa kipimo cha miaka 50, soko la Beda Amuli, lililofunguliwa mwaka 1975, lingekuwa limeshaingia.